Msimfunike

Siku nilipokabidhi funguo za kabati la dawa, madresa vijana wa Njombe, wafunga vidonda na wagawa dawa kama mimi, waliniomba niwaandikie yale niliyoyaona kazini. Mmoja wao akasema, "Mzee, tuandikie yote." Yote siwezi, na mengine hayafai. Jinsi nilivyopanda kutoka daraja hili hadi lile, na nilicholipwa, mtavisoma katika faili, kama panya wamesaza. Mimi nitaandika juu ya joto. Najua mtacheka. Mtu wa Njombe, aliyezaliwa akitetemeka, ana nini cha kusema juu ya joto? Ndiyo sababu naandika. Joto lilitukuta wajinga, na mimi nilikuwa mjinga mwenye kipimajoto mfukoni, ambaye ni mjinga wa hatari kuliko wengine.

Namshukuru Mungu aliyenipa miaka mingi katika kazi hii, na macho ambayo bado yanaona mstari wa karatasi. Namshukuru pia kwa walimu alionipa, hata wale ambao sikuwatambua kuwa walimu mpaka waliponiaibisha.

Nilianza kazi wakati Waingereza walikuwa wameishika nchi kwa miaka michache tu. Wazee wetu, wakikasirika, bado walikuwa wakihesabu kwa Kijerumani. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, najua kusoma, kuandika na kuimba sauti ya tatu, na katika hayo matatu niliona ya mwisho ndiyo yenye faida. Nikapelekwa kwa Mzee Nikodemo, dresa wa zamani, mtu mfupi mwenye vidole vilivyonyooka kama misumari.

Siku ya kwanza hakunigusisha mgonjwa. Aliniambia nioshe mikono. Nikaosha. Akaitazama, akasema, "Osha tena." Nikaosha. "Tena." Mara ya tatu nilimwuliza kama ameona uchafu wowote.

"Ya kwanza ilikuwa ya kutoa udongo wa shamba," akasema. "Ya pili ya kutoa kiburi cha shule. Hii ya tatu ndiyo ya wagonjwa."

Adui yetu huko juu alikuwa baridi. Mnaijua Njombe ya Juni na Julai, nyasi zinapoamka nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, na ng'ombe wanapotoa moshi puani. Watu waliletwa na kichomi, wengine wamebebwa kwenye machela siku nzima katika manyunyu. Mzee Nikodemo alikuwa na sheria moja aliyoiweka juu ya zote: "Mfunike kwanza, mwulize baadaye." Mgonjwa akifika, kabla ya jina, kabla ya kijiji, kabla ya kumwuliza panapouma, blanketi. Kisha moto. Kisha uji. Niliona mtoto mchanga kutoka kijiji cha Yakobi, midomo yake imekuwa ya bluu, akirudi duniani ndani ya blanketi mbili na mikono ya mama yake. Ukiona jambo kama hilo ukiwa kijana, sheria ile inaingia mifupani. Haikuwa sheria mbaya. Imeokoa watu wengi, na bado nawaambia muishike mkiwa Njombe.

Baada ya miaka mitatu Bwana Mganga, yaani daktari Mwingereza aliyetusimamia, aliniita. Kulikuwa na watu kama arobaini wa kwetu wanaoshuka kutengeneza barabara ng'ambo ya Makambako, chini kabisa kwenye uwanda wa kuelekea Usangu, na walihitaji dresa. Akanipa sanduku la mbao lenye bandeji, iodini, kwinini, chumvi ya kuharisha, mkasi, na kipimajoto katika kibweta chake cha bati. Mzee Nikodemo akaniongezea blanketi tatu kutoka ghalani. "Huko mbali," akasema, "hujui utakuta nini." Alisema kweli, ila sivyo alivyodhani.

Tulitembea hadi Makambako, ambayo siku zile ilikuwa njia panda yenye maduka machache na upepo mwingi. Tukalala hapo, kila mtu amejikunja ndani ya koti lake. Kesho yake tukaanza kushuka. Ilikuwa Oktoba, mvua bado. Kila mteremko tuliouacha nyuma, hewa ilizidi kuwa nzito, mpaka tulipofika chini nikahisi kama mtu amefungua mlango wa tanuru la matofali na kusahau kuufunga.

Niwaeleze habari ya makoti, maana bila hayo hamtaelewa. Vita ya Wazungu ilikuwa imeacha makoti mazito ya askari kila mahali, na kwetu mwanamume hakuhesabiwa kuwa ameshika kazi mpaka awe nalo. Ni joho lake, ni nyumba yake, ni heshima yake mbele ya wakwe. Kuliacha kambini ni kuliaga, maana wezi hawakosi. Kwa hiyo watu wetu walishuka nayo uwandani, na wakafanya kazi ya sururu wakiwa wameyavaa, vifungo vimefungwa.

Jambo la pili ni saa. Kwetu asubuhi haifai kwa kazi. Mikono haishiki jembe, umande unalowesha mpaka magotini. Mtu mwenye akili huota moto, hula kiporo, hungoja jua lipande, kisha hufanya kazi mchana kutwa, wakati mwili umepata joto. Nyapara wetu, Mlowe, alikuwa mtu wa kwetu, mkali lakini wa haki, naye aliwapangia watu saa za nyumbani. Alfajiri yote, ule wakati mmoja wa siku ambapo hewa ya uwandani humhurumia mtu, tulikaa tukiota moto.

Aliyetuletea uji alikuwa mama mmoja Msangu, mjane, Mwislamu, tuliyemwita Bibi Halima. Nyumba yake ilikuwa karibu na kambi, na kazi yake ilikuwa kupika uji wa mtama na kuchota maji kwenye mashimo ya mchanga katika mto uliokauka. Asubuhi ya kwanza alisimama na chungu chake kichwani, akatutazama.

"Jua limekwisha kutoka, nanyi mmekumbatia moto. Mnamngoja nani?"

"Tunangoja umande ukauke, Bibi," akasema Mlowe.

Bibi Halima akaangalia nyasi, ambazo zilikuwa zimekauka tangu miezi mingi. "Umande gani, baba? Huku umande ulihama pamoja na tembo."

Watu wakacheka, wakamwona ni mama mcheshi. Hatukuondoka motoni.

Mtu ambaye Bibi Halima alipenda sana kumtania alikuwa Zakaria, kijana wa Yakobi, jirani yetu kabisa, ambaye mama yake na mama yangu walikaa benchi moja kanisani. Baba yake alikuwa amekufa. Zakaria alikuwa na mabega ya kubeba mlango, na koti refu kuliko yote kambini.

"Zakaria, koti hilo umelioa?" Bibi Halima alimwuliza.

"Bado, Bibi. Nalichumbia tu."

"Basi achana nalo. Litakuua kabla ya arusi."

Maji aliyotuletea tuliyadharau pia. Yalikuwa ya vuguvugu na yalinukia udongo, nasi tumezoea chemchemi zinazouma meno. Watu walisema ni maji ya kumwogeshea mtoto. Walikunywa asubuhi kidogo na jioni kidogo. Mchana, mtu aliyeacha sururu akaenda kwenye mtungi alizomewa kwamba amechoka. Mimi nilikuwa nikipita katikati yao na sanduku langu, nafunga vidole vilivyopondwa na kutoa funza, na sikusema neno. Nilijiona nafanya kazi yangu. Wawili watatu waliumwa kichwa na kutapika mchana, nikawapa kwinini na kuwalaza ndani ya hema la turubai, ambalo lilikuwa na joto kuliko nje. Jioni walipopata nafuu, niliisifu kwinini.

Siku ninayotaka kuiandika ilikuwa siku ya kuchimba mfereji wa daraja dogo. Mlowe alitaka mfereji uishe kabla ya mvua, na watu walikuwa wamegawanyika makundi mawili ya kushindana. Zakaria alikuwa mbele. Wakati wa adhuhuri alianza kuimba, jambo la kawaida. Kisha akaimba maneno yasiyofuatana. Kisha akamwita Mlowe kwa jina la baba yake marehemu, akamwambia ng'ombe wameingia shambani. Watu wakacheka. Akapiga hatua tatu kama mlevi, yeye ambaye hakugusa pombe ya ulanzi, akaanguka juu ya udongo alioutoa mwenyewe.

Wakamleta kwangu mbio. Niliweka mkono kwenye paji la uso, nikautoa. Alikuwa anaungua. Ngozi yake ilikuwa kavu kabisa, hakuna hata tone la jasho, na hilo mlitie akilini, maana mimi sikulitia. Nikampima. Zebaki ilipanda mpaka ikafika mwisho wa namba. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Homa kali. Mfunikeni."

Wakamfunika. Blanketi zote tatu za Mzee Nikodemo, kisha watu, kwa upendo, wakavua makoti yao na kumtupia juu. Mtu aliyekataa kuvua koti lake kwa ajili ya jua alilivua kwa ajili ya ndugu yake. Mwingine akawasha moto mlangoni mwa hema. Nilijaribu kumpa kwinini, ikatoka. Nikapiga magoti, nikaomba. Nilikuwa bado naomba alipoanza kutupa mikono na miguu, macho yamegeuka, povu mdomoni. Mlowe, yule mtu mkali, akaanza kulia kimya kimya.

Ndipo Bibi Halima akaingia na mtungi wake. Alisimama mlangoni, akautazama moto, akautazama ule mlima wa makoti.

"Mnamtibu au mnampika?"

Hakungoja jibu. Alitupa mchanga juu ya moto kwa mguu, akaanza kuvuta makoti na kuyatupa nje. Nikamshika mkono.

"Bibi, ana homa. Baridi itamwua."

"Baridi iko wapi, mwanangu? Nionyeshe niipishe." Aliendelea kuvuta kwa mkono mwingine. "Hii si homa, ni jua. Limemwingia. Mvue nguo zote, mtoeni hapa ndani, leteni maji."

Watu walinung'unika. Mwanamke kumvua mwanamume nguo mbele ya wenzake, kwetu ni laana. Mmoja akasema, "Dresa, mzuie huyu." Wote wakanitazama mimi. Na mimi, niseme kweli, nilimtazama Bibi Halima nikiwa na hasira. Mimi ndiye niliyefundishwa. Sanduku lilikuwa langu.

Akaacha kuvuta. Akaniambia kwa upole, kama ananionea huruma, "Wewe umesoma, mimi sikusoma. Lakini tangu nizaliwe sijaona mtu anazima moto kwa kuni."

Mkononi nilikuwa bado nimeshika kipimajoto. Nilimpima Zakaria tena kwapani. Zebaki ilikuwa pale pale mwisho, na ingekuwa na njia ingeendelea. Tangu nimfunike, alikuwa hajapungua hata nukta. Namshukuru Mungu kwa kile kijiti cha kioo, maana hakikujali nani amesoma. Nikasema, "Fanyeni anavyosema Bibi."

Tukambeba hadi chini ya mkwaju uliokuwa ukingoni mwa mto. Tukamvua yote. Bibi Halima akaondoa kanga yake ya juu, akamfunika kiunoni, akamaliza mjadala wa laana. Akamwagia maji kichwani, shingoni, kwapani, kinenani, akatuambia tupepee kwa matawi, kwa ungo, kwa kofia, kwa chochote. "Maji bila upepo ni kazi nusu," akasema. Nilitaka kumnywesha, akanipiga mkononi. "Asiyejua jina lake hajui kumeza. Utamzamisha."

Mtungi ukaisha mara moja. Maji ya kunywa ya watu wote yalikuwa katika madebe mawili kambini, na mashimo ya mchanga hujaza pole pole. Mlowe akayatazama madebe yale, akawatazama watu arobaini waliokuwa wameshinda juani. Akainua debe la kwanza yeye mwenyewe.

Walipanga mstari, mkono kwa mkono, kutoka kambini hadi mkwajuni, na wengine wakaingia kwenye mashimo kuchimbua kwa mabakuli. Nilimpima kila mara. Zebaki ilikaa, ikakaa, kisha ikaanza kushuka, pole pole, kama mzee anayeshuka mlima wa utelezi. Mitupo ya miguu ikakoma. Vivuli vilipoanza kurefuka alifumbua macho, akatuona sote juu yake, akajitazama, akavuta kanga ya Bibi Halima hadi kifuani.

"Koti langu liko wapi?" akauliza.

Mlowe akamjibu, "Limekuacha. Limepata mwingine." Kisha akageuka upande, mabega yake yakatikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio. Nadhani vyote viwili.

Zakaria aliishi. Lakini joto halikumwacha bure. Mkono wake wa kulia ulibaki ukitetemeka, na majina ya watu yalimpotea, akawa anamwita kila mtu ndugu. Tulimpandisha Njombe kwenye machela, tukisafiri alfajiri na jioni tu.

Sasa nafika mahali pagumu. Kabla ya kuondoka kambini ilinipasa kuandika taarifa. Niliketi Jumapili, baada ya ibada niliyoiongoza mwenyewe kambini, nikaandika kwa mwandiko mzuri: homa kali, alipewa kwinini, amepata nafuu. Kila neno lilikuwa kweli, na yote pamoja yalikuwa uongo. Nilikuwa nimetoka kuwaombea watu hawa toba. Nilikaa nimeishika karatasi ile mpaka wino ukakauka, kisha nikaichana. Nikaandika nyingine: nilimfunika mtu aliyechomwa na jua, nikawasha moto, nikakaribia kumwua, aliokolewa na mama anayetuletea uji.

Huko Njombe Bwana Mganga aliisoma mara mbili. Nilitegemea kufukuzwa. Akasema katika Kiswahili chake cha kukatakata, "Sisi tumekufundisha baridi. Joto hatukufundisha. Kosa hili ni letu wawili." Kisha akaongeza, "Umeandika kwa mkono. Sasa sema kwa mdomo."

Nilidhani anazungumza juu ya madresa wenzangu. Lakini mtu wa kwanza niliyepaswa kumwambia alikuja mwenyewe. Mama yake Zakaria alifika kutoka Yakobi asubuhi ya pili, na kuku jike mweupe kwapani.

"Kamwene," akanisalimu kwa Kibena, nikaitikia. Akainama zaidi kuliko ilivyomfaa mtu wa umri wake mbele yangu. "Mwanangu Yeremia, wenzake wameniambia. Ulimfunika kwa blanketi tatu. Ukapiga magoti ukamwombea. Mama yako alizaa mtu." Akanipa kuku.

Vijana wangu, ilikuwa rahisi sana kumpokea kuku yule. Nilikuwa tayari nimemshika miguu. Lakini nilimrudisha mikononi mwake, nikamwambia yote, hadi moto mlangoni. Nilipomaliza alikaa chini, pale pale kwenye kizingiti.

Akasema, "Ningekuwapo, ningemfunika mimi. Tena ningemlalia juu."

"Najua, mama."

"Kila mama wa Yakobi angemfunika."

"Najua."

Akasimama, akajifunga kanga upya. "Basi watoto wetu watakwisha huko, wakifunikwa na watu wanaowapenda. Nani atatuambia, kama ninyi mlioshuka mnanyamaza na kula kuku?" Akamrudisha kuku kwapani. "Huyu ni wa yule bibi."

Na kweli alimtuma, kwa mkono wa watu waliokuwa wakishuka. Nilisikia baadaye kwamba Bibi Halima alimpokea kwa dua ndefu, akamgeuza huku na huku, akasema kuku wa Njombe wana manyoya mengi mno, kama watu wao.

Tangu msimu uliofuata nilikuwa nakaa Makambako kila mwaka kabla ya vikundi kushuka, na kila kikundi nilikisimamisha kwenye upepo ule nikakiambia. Nilianza na kosa langu, si na ushauri. Mara ya kwanza mtu mmoja alipaza sauti, "Kumbe ndiwe uliyempika mwana wa Yakobi!"

"Ndimi," nikajibu. "Njoo mbele usikie nilivyompika, usije ukapika wa kwenu."

Niliona tangu hapo kwamba watu wanasikiliza. Ningesimama na kusema kunyweni maji, wangeniona mtu wa serikali. Lakini mtu anayesimulia aibu yake mwenyewe hupewa nafasi.

Niliwaambia hivi, na ninyi waambieni watakaoshuka baada yangu. Fanyeni kazi tangu jua halijatoka, jua likipanda kaeni kivulini, rudini linapolegea. Siku kumi za kwanza mtu afanye nusu ya kazi, hata awe na mabega ya simba, kwa sababu mwili hujifunza joto kama mtoto anavyojifunza kutembea. Kunyweni kila mara, kidogo kidogo, na chumvi kidogo kwenye uji. Mtu akiumwa kichwa, akitapika, misuli ikikamata, atoke juani saa ile ile bila kuzomewa. Akianza kusema maneno yasiyo na kichwa, msicheke. Mvueni, mlowesheni, mpepeeni. Kwinini ina siku yake, na anaweza kuwa na homa pia, lakini poza kwanza. Na zaidi ya yote, msimfunike.

Mlowe alibadilisha saa za kazi. Bwana wa barabara, Mzungu aliyekuja kukagua mara moja moja, alitukuta mchana tumelala chini ya miti, akageuka mwekundu kuliko udongo. Mlowe akamwongoza hadi mwisho wa barabara iliyochimbwa tangu alfajiri, akamwonyesha. Bwana yule akaipima kwa hatua zake mwenyewe, akarudi, akatafuta mti wake. Makoti tuliyatundika katika kibanda kimoja, kila mtu amefunga uzi wake kwenye kifungo, na mzee mmoja wa Kikinga alikaa mlangoni kama mlinzi wa hazina ya mfalme.

Msimu ule ule, nilipokuwa nakagua watu Makambako, nikamkuta Zakaria kwenye mstari. Alikuwa amenenepa, anacheka. Nikampitia, nikamwambia hapana. Jua likishamwangusha mtu mara moja, mara ya pili halitafuti njia, linaijua.

Uso wake ukabadilika. "Ndugu Dresa, mama anazeeka. Nataka kuoa. Shamba peke yake halitoshi." Nikatikisa kichwa. Akapaza sauti mbele ya wote, "Mara ya kwanza ulinifunika. Sasa unataka kunizika kabisa?"

Upepo ulipiga, watu wakaangalia miguu yao. Mlowe ndiye aliyesema, polepole, kwamba Bibi Halima amechoka miguu na kuna kazi ya maji: kuchota alfajiri, kisha kukaa kivulini na mitungi mchana kutwa. Watu wakacheka, kwa maana maji ni kazi ya wanawake. Mmoja akamwuliza kama atavaa na kanga.

Zakaria aliwangoja wamalize. "Kanga nimekwisha kuivaa," akasema. "Ilinifaa kuliko koti." Akauliza mitungi iko wapi.

Alifanya kazi ile miaka mingi, na akaoa kwayo. Katika kikosi chetu hakuna mtu mwingine aliyebebwa hadi mkwajuni, na kwa hilo namshukuru Mungu kila ninapolikumbuka. Wengi wanasema lilikuwa fundisho langu la Makambako. Mimi nilikuwa naona kazi ilivyokuwa ikifanyika pale kwenye mitungi.

Nakumbuka siku moja fundi mawe mpya, mtu mzima, mwenye majivuno yake, aliposukuma kata ya maji pembeni na kusema hana kiu, apewe mwenye kiu. Zakaria hakuiondoa. Aliisimamisha pale pale mbele ya uso wake, mkono ukitetemeka, maji yakimwagika kidogo juu ya vidole.

"Kunywa, ndugu," akamwambia. "Siku ile, hata mimi sikuwa na kiu."

Yule fundi akautazama mkono ule. Kisha akaishika kata kwa mikono miwili, akanywa yote.